Tembo, Chui na Baba Mkwe

Watu wakiniuliza nilisomea wapi kupiga picha za wanyama wa porini, huwajibu kwamba nilisomea ukweni. Wanacheka, wanadhani nawatania. Siwatanii hata kidogo. Kujificha kwenye majani, kukanyaga bila kukwaruza, kupumua bila kusikika, kumwona mwenzio kabla yeye hajakuona, yote hayo nilifundishwa chini ya migomba ya Rungwe, na aliyenifundisha bila kukusudia alikuwa baba mkwe wangu. Picha ninayotaka kuisimulia ni yake. Yeye ndiye aliyeitaka, tena aliitaka kuliko alivyotaka dawa, na kwa bahati mbaya mtu pekee aliyeweza kuipiga alikuwa mkamwana wake, aliyekatazwa kumtazama.

Mimi nilizaliwa upande wa Iringa, katika nyumba ya wakulima Walutheri walioamini Mungu, mahindi na kuamka mapema. Kwetu pia mkwe anaheshimiwa. Hupigi kelele mbele yake, huli naye sahani moja, basi, maisha yanaendelea. Nilipoposwa na mwalimu wa Kinyakyusa aliyefundisha Mbeya, nilidhani heshima niliyotoka nayo nyumbani ingetosha. Haikutosha hata kwa siku ya kwanza. Shangazi wa mume wangu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuongoza kwaya, alinikalisha jikoni akanisomea sheria. Nisimtazame baba mkwe, na yeye hatanitazama. Nikimsikia njiani, niiache njia, niingie majanini, nichuchumae, nimpe mgongo na kujifunika kanga kichwani mpaka apite. Nyumba anamolala nisiikanyage. Jina lake nisilitaje hata usingizini. Nikikosea, habari zingepelekwa Iringa, na baba yangu angetoa ng'ombe wa kufuta aibu. Baba yangu aliwapenda ng'ombe wake kwa namna ambayo sisi watoto tuliionea wivu.

"Mpaka lini, shangazi?" nikauliza.

"Mpaka lini nini?"

"Hii ya kujificha."

"Gwe!" akasema. "Wewe umeolewa ama umekuja kutembea?"

Mume wangu akarudi Mbeya kwenye shule yake, mimi nikabaki kwao kujifunza kuwa mke wa mtu ambaye hayupo na mkwe wa mtu ambaye haonekani. Lazima niseme kwamba baba mkwe alikuwa muungwana. Kila alipokaribia kona ya nyumba alikohoa, kikohozi kikavu cha kunipa taarifa, nami nikatoweka. Nilijifunza kuingia kwenye migomba bila kutikisa jani, maana kutikisa jani ni kumwambia mkwe kwamba upo, na huo nao ni utovu wa adabu. Akitaka kuniambia neno, alimwambia mbwa.

"Wewe mbwa," alisema siku moja, amesimama upande wa pili wa ukuta. "Maharage ya leo matamu. Ila chumvi, mbwa. Chumvi punguza."

Mbwa yule hakuwahi kupika maishani mwake. Kesho yake nikapunguza chumvi, na mbwa akasifiwa.

Nilikaa pale mpaka nikapata mtoto wa kwanza na wa pili. Baba mkwe nilimjua kwa miguu, kwa kofia yake ikiwa kisogoni, na kwa kivuli chake kikipita ukutani jioni. Uso wake sikuujua. Nilizaa watoto ambao kila mtu alisema wamefanana na babu yao, nami nikaitikia kwa adabu, kama mtu anayesifiwa mji ambao hajawahi kuufikia.

Hatimaye mume wangu alipata nyumba Ilomba, mjini Mbeya, akatuchukua. Huko ndiko kamera ilikotukuta. Mzungu mmoja aliyekuwa mkuu wake wa kazi alikuwa anarudi kwao, akamwachia kamera ya boksi, nyeusi, yenye kioo kidogo juu cha kuchungulia unachokipiga. Sebuleni kwa Mzungu huyo mume wangu alikuwa ameona picha za tembo zimetundikwa ukutani, na tangu hapo hakulala vizuri. Akaamua kwamba Mwafrika wa kwanza Mbeya kutundika tembo wake mwenyewe atakuwa yeye. Kwamba hajawahi kupiga picha hata ya kuku, hilo aliliona ni jambo dogo.

Tulipokwenda Rungwe kuwasalimu wazee, alibeba boksi lake kifuani njia nzima. Baba yake aliliangalia, akalizunguka, kisha akasema, nami nikimsikia kutoka nyuma ya ghala, "Nipige mimi kwanza. Hao tembo watangoja."

Akaeleza sababu. Baba yake yeye alikufa bila kuacha sura. Yeye na kaka zake wamezeeka wakibishana kama marehemu alikuwa na pua ndefu au fupi, na walikwisha kununiana msimu mzima wa kahawa kwa ajili ya pua hiyo. Hakutaka wajukuu zake waje wagombane hivyo juu yake. Alitaka aachwe mahali, usoni, aonekane.

Mume wangu akampiga. Picha iliporudi kutoka dukani ilionyesha nusu ya kofia, na kando yake mgomba mzima, uliotoka vizuri sana. Baba mkwe akaishika kwa mikono miwili.

"Mgomba huu ni wangu kweli," akasema. "Sikatai."

Mume wangu akaahidi kurudia, na kila filamu mpya iliponunuliwa ahadi iliendelea kuwepo, ila filamu ilikwisha kwa wanyama.

Safari ya kwanza ilikuwa ya kwetu Iringa. Alisikia kwamba mlowezi mmoja mwenye shamba la tumbaku nje ya mji amefuga wanyama kwenye vizimba: chui, mbuni na nyani kadhaa. Akaona hiyo ndiyo njia ya mtu mwenye akili, kwani chui wa kizimbani hana pa kukimbilia. Tukashuka basi Ipogolo, tukapanda mlima na mizigo yetu hadi mjini, na siku iliyofuata akavaa koti lake la sherehe, kana kwamba chui ndiye atakayempiga picha yeye. Mlinzi wa vizimba alituruhusu. Chui alikuwa amelala, ametupa mgongo. Mume wangu akamwita kwa Kiswahili, akamwita kwa Kiingereza, akampigia makofi kama anavyoamsha wanafunzi. Chui alitikisa sikio moja. Kwenye picha hata sikio halikutoka. Zilitoka nyaya za kizimba, gunia lililokunjwa ambalo ndilo chui, na mlinzi na ndoo yake, amesimama wima, anatabasamu. Majirani Ilomba waliiangalia kwa heshima, wakauliza yule mwenye ndoo ni ndugu yetu wa upande gani.

Akasema kosa ni kizimba. Mnyama wa kweli yuko porini. Basi likizo ilipofika tukapanda lori la wanunuzi wa mpunga waliokuwa wanakwenda Usangu, yeye na boksi lake, mimi na kila kitu kingine. Kule kulikuwa na pori la miombo na, ng'ambo ya miti, mbuga iliyojaa maji, na wanyama walikuwepo kweli. Walikuwepo mbali. Ubaya wa kamera ya boksi ni kwamba usipomkaribia mnyama anatoka kama kunguni kwenye shuka. Na mume wangu alikuwa na viatu vya ngozi vilivyolia kila hatua, tena alikuwa na tabia ya kutoa maelezo. "Tazama, mama watoto," anasema kwa sauti ya darasani, "wale pale ni nyati." Kufika kwenye neno nyati, nyati hawapo.

Siku hiyo jioni alinipa kamera niishike, apande mti kutafuta walipo. Akapanda, akakaa juu, akawa anatazama upande wa magharibi. Tembo akatokea mashariki. Hatukusikia chochote, tuliona tu kichaka kimepata masikio. Mume wangu, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakutoa maelezo.

Mimi sikufikiri. Mwili wangu ulisikia kitu kikubwa, chenye heshima zake, kinakuja kwenye njia yangu, nao ukafanya ulichofundishwa. Niliiacha njia, nikaingia majanini bila kutikisa jani, nikachuchumaa, kanga kichwani. Tofauti ilikuwa moja tu: tembo sikukatazwa kumtazama. Upepo ulikuwa unanijia usoni, jambo ambalo wakati ule sikujua kwamba ndilo lililoniokoa. Nikaweka boksi magotini, nikainama kwenye kioo, na humo tembo akaingia taratibu, mkubwa, mikunjo yake yote, jicho lake dogo lenye kope ndefu. Nilifurahi kuliko nilivyopata kufurahi. Miaka ile yote nilikuwa nikijificha nisione. Leo nilijificha nikaona. Nikabonyeza.

Mwenye duka aliyetusafishia picha mjini Mbeya alikuwa mfanyabiashara Mwislamu ambaye wazee wake walitoka pwani. Alipoitoa ile ya tembo alitoka nayo hadi barazani.

"Mwalimu, shikamoo!" akasema, ingawa umri wake ulimzidi mume wangu. "Tembo huyu kakukodolea macho hasa! Ulimsogelea vipi?"

Mume wangu akanitazama. Nikatazama vitambaa vya dukani.

"Ni uzoefu," akasema.

Picha ikawekwa kwenye kioo cha duka. Kutoka hapo tukawa tunakwenda porini kila likizo. Utaratibu ukawa kwamba yeye anapanda mti na mimi nachuchumaa. Tulirudi na pofu, na swala, na mbega wa misitu ya mlimani wenye mikia mirefu myeupe. Watu walimsimamisha njiani kumsalimu, akaitwa Mwalimu Tembo. Alikuwa mume mwema. Njiani kurudi kila mara alinibebea mzigo mmoja. Nilikasirika? Nilikasirika sana, hasa nikiwa napika. Lakini mke wa mtu kutambaa porini na boksi hadharani haikuwa sifa ya kumpelekea shangazi, kwa hiyo ukimya ulitufaa wote wawili.

Ila kuna mmoja hakudanganyika. Tulipopeleka ile picha ya tembo Rungwe, baba mkwe alikaa nayo nje jua lilipo. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta napembua mchele.

"Wewe mbwa," nikamsikia. "Njoo uone. Jua lilikuwa mgongoni mwa mpigaji. Hapa chini kwenye nyasi kuna kivuli chake."

Mume wangu akasema haraka kwamba hicho ni kichaka.

"Kichaka hakifuniki kichwa kwa kanga," mzee akaendelea kumwambia mbwa. "Mimi kivuli hiki nakijua, mbwa. Kimekuwa kikiniheshimu kwenye migomba yangu miaka mingi. Mwenye kivuli hiki ndiye nataka anipige."

Ungo ulinitoka mikononi, mchele ukamwagika wote.

Shangazi alipopata habari alikuja hata hajaosha matope miguuni. Kwa hiyo mkamwana amtazame mkwe? Na akimtazama, nani atatoa ng'ombe? Mume wangu alijaribu kueleza kwamba yeye mwenyewe ni mpiga picha anayejulikana, na mzee akamwomba mbwa amkumbushe mwanawe habari za mgomba. Mambo yakaachwa hivyo, na mwaka ukapita. Tuliporudi tena, tuliitwa, kwa sababu mzee alikuwa anaumwa kifua.

Sijui nieleze vipi siku zile bila kuonekana nacheka. Nilikuja kuuguza. Lakini yule mtu ambaye kikohozi chake kilikuwa taarifa ya kwamba anakuja, sasa alikohoa asubuhi hadi usiku bila kwenda popote, na miguu yangu haikujua tofauti. Kila alipokohoa nilijikuta nje kwenye migomba, sufuria mkononi, uji unapoa. Kisha nikaanza kulia humohumo kwenye migomba, kwa maana nilielewa kwamba anakufa, na kwamba nitamzika mtu niliyempikia miaka yote hiyo bila kujua ana macho ya namna gani.

Mama mkwe ndiye aliyekata shauri. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na alikuwa amechoka kukesha.

"Lete hilo boksi," akaniambia. "Shangazi aone mwenyewe unavyofanya."

Nikamwonyesha shangazi. Mpigaji hamtazami mtu, nikasema. Anainama, anatazama kioo cha juu, kama anayechungulia chungu. Tena boksi unaweza kuligeuzia pembeni, ukasimama umeelekea migomba, na lenyewe likaelekea kwa mwenye kupigwa. Shangazi akainama akachungulia. Humo alikuwepo ng'ombe aliyefungwa uani.

"Ameingia mzima!" akasema. Akamtazama ng'ombe, akatazama kioo, akarudia. "Huyu wa ndani ni mdogo," akasema mwishowe. "Mdogo kama punje ya hindi. Mkwe hawezi kuwa mdogo hivi. Aliyemo humu si mkwe."

Sijawahi kusikia hukumu ya mahakamani iliyonifurahisha kama hiyo.

Wakamtoa mzee asubuhi, jua likiwa laini, wakamkalisha kwenye kiti mbele ya nyumba. Mume wangu alishika kiti kwa nyuma, akiwa amejificha chini ili asitokee. Nilimwona alivyojikunja, Mwalimu Tembo mzima, na hasira zangu za jikoni zikapungua. Mimi nilisimama ubavu, uso kwenye migomba, kanga kichwani, boksi limegeuzwa. Nikainama kwenye kioo.

Nikaona sikio. Mzee kwa heshima alikuwa amegeuza uso wake kabisa, asitazame upande niliko. Picha ya sikio isingemsaidia mtu yeyote kuhusu pua. Nikangoja, maana porini nilijifunza kungoja. Kikohozi kikamshika, kikamwachia. Naye alijua kwamba kitu hakiendi.

"Mbwa," akasema, kwa sauti ndogo. "Nitazame wapi?"

Sikuwahi kumsemesha. Shangazi alikuwa pale, anasikiliza. Mbele yangu palikuwa na mgomba, basi nikauambia huo.

"Mgomba," nikasema, "baba atazame kwenye boksi. Hapo penye tundu. Asiogope."

Kisha kwenye kile kioo kidogo uso ukageuka taratibu ukanitazama. Alikuwa na macho ya mwanangu wa kwanza, yaleyale, yaliyozeeka. Alikuwa na aibu, kama bwana arusi. Alikuwa amebana pumzi ili kifua kisimtikise. Nilimpenda mtu yule, nasema wazi, na nilimpenda hata kabla sijamwona. Nikabonyeza, naye akaachia kikohozi kirefu, mume wangu akamshika mabega.

"Ndaga, mbwa," akasema alipopata pumzi. Ahsante.

Filamu ilikuwa bado na nafasi, na mume wangu akaanza kusema kwamba tungeitunza kwa pundamilia. Nilimwambia mambo ambayo siyaandiki hapa. Nikaimaliza yote asubuhi hiyohiyo kwa kuku, mbuzi na mbwa mwenyewe, mume wangu akapanda gari la kwanza kwenda Mbeya, na mwenye duka akaisafisha mbele yake bila kwenda hata kula. Mzee aliipata picha akiwa bado na nguvu za kuishika. Aliitazama mpaka jua likahama.

"Fupi," akasema. "Kumbe ni fupi." Nilimsikia akicheka peke yake chumbani.

Alikufa kabla mvua hazijakatika. Msibani picha ilipita mikono yote, wanaume kwa wanawake, na iliponikaribia shangazi akainyakua. Nikamkumbusha, kwa adabu zote, kwamba aliyemo ni mdogo.

"Alikuwa mdogo alipokuwa hai," akasema. "Sasa amekufa, amekuwa mkubwa."

Hapakuwa na mahali pa kukata rufaa. Picha ilitundikwa ukutani kwa mama mkwe, na mimi nikapangiwa kigoda changu, kinachoelekea mlangoni.

Mwaka uliofuata tulikuwa pale sote, watoto wamesimama chini ya picha, wananisimulia mimi kilichomo. Babu ana pua fupi. Babu amevaa shuka jeupe. Hawakugombana juu ya lolote.

"Anamtazama aliyempiga," akasema binti yangu mkubwa. "Kama anataka kumwambia kitu. Baba, alikuwa anataka kukwambia nini?"

Mume wangu aliinua macho kwenye picha. "Si mimi," akasema. "Mimi nilishika kiti. Aliyempiga babu yenu ni mama yenu."

Watoto waliangua kicheko. Walikuwa wamezoea utani wa baba yao.

"Mama!" akasema yule mkubwa. "Mama si hajawahi hata kumwona?"

Wote wakanigeukia niamue nani msema kweli, na shangazi naye alikuwa mlangoni, ananisubiri.

"Sijawahi," nikasema, nikaendelea kumenya ndizi, nimempa baba mkwe mgongo.